Nyuki, tumbili au bonobo: mfano upi unaifaa hoja yako kuhusu sifa za lugha ya binadamu?

Lugha ni mfumo wa sauti nasibu unaotumiwa na jamii fulani kwa mawasiliano. Kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, ufafanuzi huu umo katika madaftari ya wanafunzi wengi wa Kiswahili. Upeleke Amboseli, kusini mwa Kenya, uwapime nao tumbili. Sauti wanazo. Ni nasibu, kwa kuwa mlio wa kumtangaza tai haufanani na tai kwa lolote. Kundi zima linazitumia, na zinawasilisha habari. Tumbili wamefaulu. Sasa ipime kwa ufafanuzi huohuo Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Haina sauti, kwa hiyo imeanguka.

Kasoro haiko kwa tumbili wala kwa viziwi. Iko kwenye sifa zilizochaguliwa: sauti ni njia tu ya kupitishia ujumbe, na unasibu si mali ya binadamu peke yake. Anayeandika insha kuhusu sifa bainifu za lugha ya binadamu, au anayeandaa kipindi cha isimu, ana mambo mawili ya kuchagua: orodha ipi ya sifa aifuate, na lugha ailinganishe na mfumo upi wa mawasiliano. La pili ndilo linaloharibiwa mara nyingi zaidi, maana watu huandika "wanyama hawana" hiki au kile kana kwamba nyuki na bonobo, nyani mkubwa wa Kongo aliye jamaa wa sokwe, ni mnyama mmoja.

Orodha ya sifa 13, ya 2 au ya 1

Charles Hockett, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha orodha yake ya sifa 13 mwaka 1960. Kufikia 1968 zilikuwa 16, baada ya kuongezwa uwezo wa kudanganya, uwezo wa lugha kujizungumzia yenyewe, na uwezo wa msemaji wa lugha moja kujifunza nyingine. Uzuri wa orodha hii ni kwamba inapimika: unamchukua kiumbe yeyote, unapita sifa moja baada ya nyingine. Ubaya wake ni kwamba imechanganya mambo yenye uzito tofauti kabisa. Sifa tatu za mwanzo, yaani njia ya mdomo na sikio, sauti kusambaa pande zote huku msikilizaji akitambua imetoka wapi, na sauti kufifia mara moja, ni tabia za sauti yenyewe hewani. Chura anazo, jogoo anazo. Zinafaa tu kulinganisha sauti na njia nyingine, kwa mfano harufu: digidigi hupaka ute wa tezi iliyo karibu na jicho kwenye ncha za vijiti, na ujumbe huo hubaki pale baada ya mwenyewe kuondoka.

Sifa ya umahususi huwachanganya wanafunzi kuliko zote. Maana yake ni kwamba ishara inatolewa kwa ajili ya kuwasiliana, si kwa kazi nyingine. Mbwa anayehema ulimi nje anapoza mwili. Wewe kujua kwamba amepatwa na joto ni jambo la ziada. Hakuhema ili akuambie.

André Martinet, Mfaransa, alibana mambo zaidi. Kwake, kinachoipambanua lugha ni kugawanyika mara mbili: usemi unagawanyika kuwa vipande vyenye maana, na vipande hivyo vinagawanyika tena kuwa sauti zisizo na maana. Kisha mwaka 2002 Marc Hauser, Noam Chomsky na Tecumseh Fitch wakapendekeza kwamba huenda jambo moja tu ndilo la binadamu pekee katika lugha: urudiaji, yaani uwezo wa kupachika kipashio ndani ya kipashio cha aina yake bila kikomo. Kiswahili hulionyesha jambo hili kwa urahisi: *mtoto wa jirani wa mwalimu wa dada wa Asha*, na unaweza kuendelea mpaka msikilizaji achoke. Mwaka 2005 Daniel Everett alidai kwamba Kipirahã cha Brazili hakina urudiaji, na ubishi huo haujatulia.

Kwa kazi ya darasani, orodha ya Hockett ndiyo ya kuchukua, lakini isichukuliwe nzima. Baki na nne: uwili wa muundo (ule mgawanyiko wa mara mbili wa Martinet), uzalishi (uwezo wa kutunga jumbe mpya), kutaja yasiyopo mbele ya macho, na kurithishana kwa njia ya jamii. Unasibu uutaje kama wa tano kwa sababu watahini huutarajia, ila uandike wazi kwamba hauwatengi binadamu na viumbe wengine. Urudiaji uuache kwa insha za chuo kikuu, ambako una nafasi ya kueleza pande zote mbili za ubishi.

Uwili unastahili aya zaidi kuliko sifa nyingine, na mara nyingi ndio unaopewa chache. Chukua sauti nne: /l/, /i/, /m/, /a/. Zipange upya, kila moja mara moja tu. Unapata *lima, mila, mali, lami, imla*. Hakuna sauti hata moja kati ya hizo iliyobeba kilimo, desturi, utajiri, barabara wala zoezi la kuandika yanayosomwa na mwalimu. Maana inaanzia ngazi ya pili, ya neno. Ndiyo maana vokali 5 za Kiswahili na konsonanti zake chache zinatosha kujenga maelfu ya maneno. Mwanafunzi mjanja atakubana hapo: mbona /a/ ya *analima* ina maana ya yeye? Ni kweli, lakini hiyo ni mofimu, yaani kipande kidogo kabisa chenye maana, ambayo imetokea kuwa na fonimu (sauti) moja. /a/ ya *mali* haimhusu mtu yeyote. Usipotenganisha mawili hayo mapema, somo zima la uwili litakwama.

Nyuki: wenye nguvu pale unapotaka kupima umbali wa habari

Ngoma ya nyuki ilichambuliwa na Karl von Frisch, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Chakula kikiwa karibu, chini ya mita 50 hadi 100 hivi, nyuki aliyekigundua huzunguka kwa duara. Kikiwa mbali, hucheza umbo la nambari 8. Kiini cha ujumbe ni mstari wa katikati, ambapo nyuki hutembea moja kwa moja akitikisa tumbo. Urefu wa muda wa kutikisa hueleza umbali, takriban sekunde 1 kwa kilomita 1, ingawa kiwango hutofautiana kati ya aina za nyuki. Pembe ya mstari huo hueleza mwelekeo. Sega huning'inia wima ndani ya giza la mzinga, kwa hiyo juu husimama badala ya jua. Akipanda wima kuelekea juu, chakula kiko upande wa jua. Akielekea digrii 60 kulia kwa wima, wenzake wataruka digrii 60 kulia kwa jua.

Mfano huu unafaa kwa sababu nyuki anataja kitu kisichokuwapo. Ua liko kilomita 2 mbali, naye yuko gizani. Ni wanyama wachache sana wanaoikaribia sifa hii kwa uwazi kiasi hicho. Hapo ndipo ulinganisho na Kiswahili unapopata uzito, kwa sababu sasa swali si "wanayo au hawana" bali "wanafika wapi". Nyuki anafika kwenye chakula alichokitembelea muda mfupi uliopita. Kiswahili kina *kesho, keshokutwa, mtondo* na *mtondogoo*, na hata hapo bado uko kwenye yatakayokuja. Ukisema *mvua isingalinyesha, tungalivuna*, umetaja mavuno ambayo hayakuwapo popote wala lini. Hakuna ngoma ya nyuki yenye kazi ya *-ngali-*.

Nyuki pia wanakulazimisha kuandika kuhusu uzalishi kwa uangalifu. Insha nyingi husema nyuki hawana uzalishi. Si sahihi hivyo. Nyuki anaweza kutaja mahali ambapo hakuna nyuki mwingine aliyewahi kupataja, na wenzake wakaelewa. Jumbe mpya zipo. Mada mpya hazipo. Kuna jaribio linalotajwa sana: mzinga uliwekwa chini ya mnara wa redio, na chakula kikawekwa juu ya mnara huohuo. Nyuki waliopelekwa juu walirudi wakacheza, wenzao wakatoka na kutafuta pande zote, lakini hawakupanda. Ngoma ina mwelekeo na umbali. Kimo hakina hatua yake, na nyuki hawakuibuni siku ile.

Tofauti nyingine ni ya aina ya ishara. Ngoma haina vipande vilivyotengana. Umbali ukiongezeka kidogo, kutikisa kunaongezeka kidogo, kwa mteremko usiokatika. Katika lugha hakuna kitu kilichoko nusu ya njia kati ya *pata* na *bata*. Sauti iliyo katikati utaisikia kuwa /p/ au /b/. Kwa sababu hiyohiyo ngoma si nasibu sana: kutikisa kwa muda mrefu ni safari ndefu.

Makosa yanayojirudia katika mfano huu ni manne. La kwanza, kusema nyuki huzungumzia chakula tu: ngoma hiyohiyo hutaja maji, na kundi linapohama, matundu yanayofaa kwa makazi. La pili, kusema nyuki wote hubadilishana nafasi ya kutuma na kupokea. Wanaocheza ni nyuki wafanyakazi, si malkia wala madume. La tatu, kuchora ngoma juu ya meza iliyolala, ambapo maana ya juu inapotea kabisa. La nne ni jipya zaidi. Vitabu vya zamani husema ngoma yote ni ya kuzaliwa nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba nyuki wachanga wasiopata kufuata wachezaji wazoefu hucheza ovyo mwanzoni. Kwa kufanya kazi hupunguza makosa ya mwelekeo, lakini kosa lao la umbali hudumu. Kwa hiyo andika kwamba msingi ni wa kuzaliwa nao na unanolewa na jamii, usiandike kwamba hawajifunzi.

Tumbili: wenye nguvu kwa maana na unasibu

Thomas Struhsaker alieleza milio ya tahadhari ya tumbili wa Amboseli mwaka 1967. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler wakachapisha jaribio lililoupa mfano huu umaarufu. Mlio wa chui huwafanya tumbili wapande mtini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu au wajitupe kichakani. Mlio wa nyoka huwafanya wasimame kwa miguu miwili na kukagua majani. Swali lilikuwa kama wanaufuata mlio au wanamfuata adui wanayemwona wenyewe. Watafiti wakaficha spika, wakacheza milio iliyorekodiwa pasipo adui yeyote, na tumbili wakafanya vilevile. Ukilitumia jaribio hili, eleza hatua hiyo ya spika. Bila hiyo, mfano hauthibitishi chochote kuhusu maana.

Kwa Afrika Mashariki mfano huu ndio rahisi kuliko yote, maana mnyama anajulikana na ishara zinahesabika kwa vidole. Unaonyesha vizuri kuwa ishara inaweza kuwa na maana na kuwa nasibu bila kuwa lugha. Kila mlio ni mzima. Huwezi kuukata ukapata sehemu ya "chui" na sehemu ya "kimbia", wala kuzipanga upya sauti zake ukapata neno la nne. Hakuna mlio wa chui wa jana.

Kuhusu kujifunza, ugawanye sehemu mbili, kwa sababu hapa ndipo marejeo yanapogongana. Watoto wa tumbili hutoa mlio wa tai hata kwa jani linaloanguka au ndege asiyedhuru, na hujirekebisha wakikua, matumizi hunolewa. Lakini umbo la mlio linaelekea kuwa la kuzaliwa nalo. Mwaka 2019 watafiti walirusha droni juu ya tumbili wa Senegali, jamaa wa karibu wa hawa wa Kenya. Wakatoa mlio unaofanana na ule wa tai wa Afrika Mashariki, kwa kitu ambacho hawakuwa wamekiona kabla. Baada ya muda mfupi walijua kukagua anga waliposikia sauti ya droni.

Na uongo je? Katika kundi moja la Amboseli dume mmoja, aliyepewa na watafiti jina la Kitui, alikuwa akitoa mlio wa chui pale dume mgeni alipotaka kujiunga na kundi. Mgeni alibaki mtini. Kisha Kitui mwenyewe akashuka na kutembea uwandani huku akiendelea kulia chui! Ni mfano mtamu wa kudanganya, na papo hapo ni mfano wa mipaka yake. Ukitaka udanganyifu wa hali ya juu zaidi, mtumie mramba wa Kalahari, ndege mweusi mwenye mkia wa panda, anayeiga milio ya tahadhari ya wanyama wengine ili watupe chakula na kukimbia naye akiokote.

Bonobo na sokwe: tumia ukiwa na nafasi ya kutosha

Hapa kuna aina mbili za ushahidi, na kuzichanganya ni kosa. Ya kwanza ni ya nyani wakubwa waliofundishwa na binadamu. Sokwe Nim Chimpsky, katika mradi wa Herbert Terrace wa miaka ya 1970, alifika kwenye ishara zipatazo 125. Usemi wake mrefu kuliko wote ulikuwa wa ishara 16, na ukiutafsiri ni *nipe, chungwa, mimi, nipe, kula, chungwa, mimi, kula* na kuendelea hivyo hivyo. Usemi ulirefuka bila kupata muundo. Mtoto wa binadamu wa miaka mitatu, akirefusha sentensi, anaongeza habari. Mwaka 1979 Terrace alihitimisha kwamba Nim hakuwa akiunda sentensi. Kanzi, bonobo aliyezaliwa 1980 na kufa 2025, aliwasiliana kwa kugusa michoro kwenye ubao, na katika jaribio la maagizo 660 ya Kiingereza cha kusema alitekeleza sawasawa kiasi cha asilimia 72. Somo lake ni kwamba kuelewa hutangulia kutunga, na kwa mbali sana.

Aina ya pili ni ya porini. Mwaka 2025 watafiti waliofanya kazi Kokolopori, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walichapisha matokeo kwamba bonobo huunganisha milio kwa namna ambayo maana ya jumla inatokana na maana za sehemu. Walitaja miunganiko 4 ya aina hiyo, na katika 3 kati yake mlio mmoja unarekebisha maana ya mwingine, zaidi ya kujumlishwa nao tu. Basi sentensi ya "wanyama hawaunganishi ishara zenye maana" ifutwe kwenye madaftari. Kinachobaki salama ni hiki: idadi ya miunganiko ni ndogo, hakuna ushahidi wa kupachika muunganiko ndani ya mwingine bila kikomo, na chini ya milio hakuna ngazi ya sauti zisizo na maana zinazopangwa upya kama zile za *lima* na *mali*.

Hasara ya mfano huu ni kwamba matokeo yake yanabadilika haraka, na mtahini mwenye kitabu cha zamani anaweza asikubaliane nawe. Ukiutumia, taja mwaka.

Tembo na mlembe, kwa kifupi

Mwaka 2024 utafiti wa tembo wa Amboseli, Samburu na Buffalo Springs nchini Kenya ulionyesha kwamba wanaitana kwa milio inayomlenga tembo mmoja mahususi, kama jina. Katika milio 469, programu ya kompyuta ilimtambua mlengwa kwa asilimia 27.5, ambapo kwa kubahatisha ingepata kama asilimia 8. Milio hiyo haikuonekana kuwa ya kumwigiza mlengwa, na hilo ndilo linaloipa thamani katika hoja ya unasibu. Lakini sehemu ya mlio iliyo "jina" haijatengwa, kwa hiyo usiandike kwamba tembo wana maneno.

Mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali, anafaa kwa sifa moja tu: kurithishana. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa sauti ya *brrr-hm*. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba mlembe wa kila mahali huitikia zaidi wito wa wenyeji wake, na huko Tanzania uwezekano wa kuitikia mluzi wa Kihadza ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa wito wa Kiyao. Wito unatoka kwa wazee kwenda kwa vijana, na ndege anajifunza wito wa mahali alipo.

Lugha ya alama: kipimo cha sifa zenyewe

Lugha ya alama haiingii katika ulinganisho huu kama mpinzani wa lugha ya binadamu. Ni lugha ya binadamu. Kazi yake ni kupima orodha. Sifa yoyote inayoanguka ukiipeleka kwa viziwi haikuwa sifa ya lugha, ilikuwa sifa ya masikio. Mwaka 1960, mwaka uleule wa orodha ya Hockett, William Stokoe alionyesha kwamba alama za Lugha ya Alama ya Marekani hazikuwa picha nzima nzima. Zina sehemu: umbo la mkono, mahali, na mwendo. Alama ya tufaa na ya kitunguu katika lugha hiyo zina umbo na mwendo mmoja. Tofauti ni mahali, shavuni au karibu na jicho. Huo ni uwili wa muundo bila sauti hata moja.

Kwa kurithishana, mfano ulio wazi ni wa Nikaragua. Kuanzia 1977 watoto viziwi walikusanywa shuleni mjini Managua, wengi wao wakiwa na ishara za nyumbani tu. Kati yao ikazaliwa lugha mpya, na watoto waliokuja baadaye wakaifanya iwe na kanuni zaidi kuliko walivyoikuta. Tumbili hatarajiwi kuondoka na mfumo ulio tajiri kuliko wa mama yake.

Tahadhari moja: usiseme uwili hujitokeza siku ya kwanza. Katika kijiji cha Wabedui wa Al-Sayyid, jangwani Negev, kuna lugha ya alama changa ambayo watafiti waliikuta ikifanya kazi zote za lugha huku uwili wake ukiwa haujakomaa; alama moja ilitofautiana nyumba hadi nyumba. Uwili unaelekea kuja msamiati unapokua na watumiaji kuongezeka. Kwa msomaji wa chuo, hoja hii ina uzito kuliko orodha nzima ya sifa 13.

Vikiwekwa pamoja

| Sifa | Nyuki | Tumbili | Bonobo porini | Lugha ya binadamu, ya sauti au ya alama |
|---|---|---|---|---|
| Uwili | hakuna | hakuna. Mlio ni mzima | milio huungana, lakini haijengwi na sauti tupu | upo, hukomaa lugha inapokua |
| Uzalishi | mahali papya, mada zilezile | hakuna milio mipya ya adui | miunganiko michache | hauna kikomo |
| Yasiyopo | ndiyo, kwa safari ya karibuni | hapana | hakuna ushahidi ulio wazi | ya jana, ya keshokutwa, na yasiyowahi kutokea |
| Kurithishana | msingi wa kuzaliwa, hunolewa | matumizi hunolewa, umbo la kuzaliwa | kwa sehemu | maneno na kanuni zote za lugha husika |
| Unasibu | mdogo | upo | upo | mkubwa, si kamili: *pikipiki*, *chubwi* |

Uchague lipi kwa kazi ipi

Insha ya kurasa mbili: nyuki na tumbili, basi. Wanakamilishana, kwa kuwa nyuki ana nguvu pale tumbili alipo dhaifu, na kinyume chake. Aya moja ya lugha ya alama iwekwe mwanzoni, mahali unapofafanua lugha, kabla hujataja sauti. Ukiacha aya hiyo, hoja yako nzima inasimama juu ya ufafanuzi mbovu.

Insha ya chuo: bonobo dhidi ya lugha ya alama changa. Ulinganisho huo unagusa yanayobishaniwa sasa. Nyuki wabaki kwenye tanbihi ya uzalishi.

Mjadala wa darasa la watu wasiosoma isimu: tumbili na tembo. Usianze na nyuki. Pembe na jua huchukua muda mwingi.

Kipindi cha dakika 40 kinaweza kwenda hivi. Dakika 10 za kwanza, kila kundi lipewe kadi 4 zenye herufi l, i, m, a, litafute maneno yote yanayotumia kadi zote. Makundi mengi hupata matatu upesi na kukwama kwenye *imla* na *lami*. Dakika 10 zinazofuata, wape milio mitatu ya tumbili, kisha uwaagize wamwambie mwenzao "chui alikuwa hapa jana, ameondoka" kwa milio hiyo tu. Wataanza kutumia mikono na nyuso. Wazuie, kwa sababu hapo wanaingiza lugha yao kwa mlango wa nyuma. Dakika 15 ziwe za ngoma ya nyuki ukutani, si mezani. Waambie ni saa 2 asubuhi, mwezi Machi au Septemba, jua liko mashariki hasa. Chora mstari digrii 60 kulia kwa wima, utikise chaki kwa sekunde 2. Jibu sahihi ni kilomita 2 hivi, digrii 60 kutoka mashariki kuelekea kusini. Wengi watajibu kaskazini, kwa kuwa wamezoea ramani na wamesahau kwamba aliyelitazama jua asubuhi ana kusini mkono wake wa kulia. Usitumie saa 6 mchana: jua likiwa utosini, halina upande wa kupimia.

Dakika 5 zilizobaki hazitoshi lugha ya alama, na hapa ndipo walimu wengi hugawa karatasi ya alfabeti ya vidole. Alfabeti hiyo huendeleza maneno ya lugha ya sauti, herufi kwa herufi. Haionyeshi sarufi ya lugha ya alama wala sehemu zake. Ni afadhali kipindi kingine kizima, akaribishwe mwalimu kiziwi pamoja na mkalimani, naye aonyeshe jozi tatu au nne za alama zinazotofautiana kwa mahali tu, kwa mwendo tu, au kwa umbo la mkono tu.